Mjusi, Nati na Jiwe Lililosingiziwa Machozi

Kazi ya Mjusi ilikuwa kuangusha mawe kabla mawe hayajaamua kuanguka yenyewe. Asubuhi alijifunga mkanda wa kamba kiunoni na mapajani, akashuka ukingoni mwa mlima, uso kwenye mwamba na matako kwa wasafiri, huku akigongagonga kwa nyundo ndogo. Jiwe lililoshikamana lilitoa mlio mkali kama kengele. Lililoachia lilijibu kama debe tupu, na hapo Mjusi alitabasamu peke yake, akachomeka mtaimbo kwenye ufa, akajikunja, akasukuma kwa nguvu zote. Chini barabara ilikuwa imefungwa, magari yamepanga foleni, abiria wametoa vichwa madirishani. Jiwe lilishuka, likapasukia mtaroni, vumbi likapanda, watu wakapiga makofi. Kuna wanaume wana shahada mbili ukutani na hawajapigiwa makofi tangu ubatizo.

Jina la Mjusi alipewa na madereva, naye alilipokea kwa furaha, ingawa mjusi si mnyama ambaye mtu angeomba kufanana naye. Alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye viganja vipana. Ukutani alikuwa mfalme. Ardhini alikuwa mume wa fundi cherehani.

Duka la mkewe lilikuwa katika mstari wa maduka yaliyojengwa chini ya ule mwamba na watu ambao, inaonekana, hawakuwahi kuangalia juu. Kwa sababu wangeangalia, wangeliona jiwe moja kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limeegemea mlima na kuinamia mapaa yao kana kwamba linasoma bei za vitambaa. Wafanyakazi waliliita Mama Mkwe: kila mtu alilipita ameinamisha kichwa, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Wanaume wengine wakichumbia huahidi nyumba, au gari, au kuacha pombe. Mjusi alimwahidi mchumba wake lile jiwe.

"Siku moja," alimwambia, wakiwa wamesimama mlangoni mwa duka, "nitakuangushia yule mama. Utaangalia kwa macho yako."

"Na duka langu?"

"Nitamwangusha kwa ubavu. Hataligusa hata bati."

Binti alicheka mpaka akashika meza, kisha akakubali kuolewa. Kuanzia hapo Mjusi alisubiri kibali. Maofisa walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Watoto walizaliwa, wakaanza shule. Mama Mkwe aliendelea kuinama, na Mjusi aliendelea kuahidi, na ahadi ile ikawa kitu cha nyumbani, kama sufuria kubwa ambayo haitumiki kila siku lakini kila mtu anajua ipo.

Kisha akaja Injinia, mwanamke wa maneno machache na buti kubwa, na pamoja naye akaja Nati.

Nati hakuangusha mawe. Yeye aliyafunga. Alipanda akiwa amesimama ndani ya kikapu cha chuma kilichoinuliwa na kreni, akatoboa tundu refu kupita jiwe bovu mpaka kwenye mwamba mzima wa nyuma, akaingiza nondo, akapiga uji wa saruji ndani kwa pampu, akaacha ukauke. Baadaye aliweka kisahani kinene cha chuma juu ya uso wa jiwe, akakaza nati kwa spana ndefu kuliko mkono wake. Mwisho alikuja na jeki, akaivuta ile nondo kwa nguvu kuliko uzito itakaoubeba, ili kuona kama itateleza. Zake hazikuteleza. Alikuwa mnene kidogo, mtulivu, mwenye meno mazuri, na alipiga mluzi akiwa kazini. Mjusi angeweza kumsamehe yote isipokuwa mluzi.

"Jiwe bovu unalifunga skrubu kama mguu wa meza," alisema Mjusi siku ya kwanza, kwa sauti ya kutosha kusikika. "Na mwanaume mzima anapanda mlima ndani ya kikapu, kama nyanya."

"Nyanya haina presha ya kuanguka, kaka," alijibu Nati. "Karibu kikapuni siku moja upumzishe mapaja."

Vijana wa kamba walicheka. Mjusi alihesabu wanne waliocheka na akawakumbuka wote kwa majina.

Lakini pigo lenyewe lilikuja wiki iliyofuata, Injinia alipowakusanya chini ya Mama Mkwe, akanyoosha kidole juu.

"Huyu haangushwi," alisema. "Angalieni matabaka yalivyoinamia barabara. Huyu amezuia wenzake. Ukimtoa, wote walioegemea mgongo wake wanashuka pamoja naye, na maduka, na barabara. Tunambana kwa nondo. Nati, ni kazi yako."

Mjusi alihisi kama mtu ambaye mchumba wake ametangazwa kanisani na jina la mwingine.

"Injinia, huyu mimi namfahamu tangu sijaota ndevu. Nipe siku mbili na mtaimbo..."

"Najua unamfahamu. Lakini unataka aanguke, na mimi nataka abaki. Wewe utamsafisha vipande vidogo pembeni, Nati afunge."

Vipande vidogo pembeni! Mjusi alishuka siku hiyo akakwangua vijiwe vya ukubwa wa mkate, huku kikapu cha Nati kikipaa mbele yake na mluzi ukipaa juu ya kikapu. Hakuna aliyepiga makofi. Abiria hawapigii makofi mikate.

Na kama hayo hayakutosha, kulikuwa na suala la ovaroli.

Ovaroli ya Nati ilichanika. Jambo la kawaida, kazi ya mawe ni ya kuchanika. Akaipeleka dukani kwa mke wa Mjusi, ikashonwa. Wiki haikuisha, ikachanika tena, gotini. Kisha kiwikoni. Mjusi, ambaye alivaa ovaroli moja mpaka ikageuka wavu, alianza kutafakari kwa kina kuhusu kitambaa.

"Hivi ovaroli ya yule bwana imetengenezwa kwa karatasi?" alimuuliza mkewe, akiwa ameegemea kizingiti cha duka kana kwamba amepita tu.

Mkewe hakunyanyua macho kwenye cherehani. "Ni mnene. Akichuchumaa kwenye kile kikapu inamkaba."

"Kwa hiyo umemwona akichuchumaa."

"Baba watoto, nimeona goti la ovaroli. Limechanika kwa mchuchumao. Ni kazi yangu kujua nguo imechanikaje."

"Na anakuitaje?"

"Ananiita shemeji. Ulitaka aniite nani, Mheshimiwa?"

Shida ilikuwa namna Nati alivyolitamka neno lile, Mjusi alijua. Shemeji ya kawaida ni fupi, unaitema na kuendelea na shughuli. Ya Nati ilikuwa ndefu, inapita polepole mdomoni kama mtu anayeonja supu. Mjusi alifanya majaribio akiwa peke yake kambani, akitamka shemeji kwa mwamba mara fupi, mara ndefu, mpaka kijana wa juu aliyelinda kamba akauliza kwa sauti kama anahitaji kuvutwa.

Nondo zote zilipokwisha kukazwa, Nati alitoboa mashimo mengine chini ya jiwe, akaingiza mabomba ya plastiki yenye matundu, yameinuka kidogo upande wa ndani ili maji yatoke yenyewe. Injinia aliwaeleza wote, Mjusi akiwemo, tena mstari wa mbele: mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa na kujaa nyuma ya jiwe. Yakikosa njia, yanasukuma. Mabomba ndiyo njia. Yakitiririka baada ya mvua, kazi inafanyika. Nati aligandisha pia kwa saruji vipande vya kioo juu ya ufa mkubwa, nusu kwenye jiwe na nusu kwenye mwamba wa nyuma. Jiwe likisogea kidogo tu, kioo kinapasuka.

Jioni ile mkewe Mjusi alifunga duka, akaangalia juu, akaona visahani vya chuma vikimetameta kwenye kifua cha Mama Mkwe.

"Amependeza," alisema. "Kama amevaa vifungo. Leo nitalala usingizi wa kweli."

Hakumaanisha ubaya wowote. Lakini jiweke katika nafasi ya Mjusi: miaka yote ile umemwahidi mkeo jiwe, naye amelala kando yako huku akilisikiliza, halafu anakuja mtu na kikapu, na mkeo anapata usingizi. Ni usingizi wa nani huo? Mjusi hakulala. Alikaa akimsikiliza mkewe akikoroma kwa amani, na kila mkoromo ulimchoma kwa sababu hakuuleta yeye.

Mvua ikanyesha. Asubuhi mabomba yote yakawa yanatiririka maji ya rangi ya chai, na Mjusi, akiwa amekaa kwa kinyozi na taulo shingoni, alitazama dirishani, akatikisa kichwa taratibu.

"Vipi?" aliuliza kinyozi.

"Hapana. Nisiseme."

Kila mtu anajua kwamba hakuna njia ya haraka zaidi ya kumwambia kinyozi jambo.

"Sema, bwana! Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Jiwe linalia," alisema Mjusi. "Jiwe zima halilii. Lilikuwa kavu miaka yote. Amelitoboatoboa kama chujio, sasa linalia. Mimi sijasema kitu."

Kabla nywele zake hazijafagiwa sakafuni, muuza mboga alikuwa amesikia. Mchana fundi viatu aliongeza kwamba machozi yale yana chumvi, ameonja. Jioni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mzee mwenye koti na kalamu tatu mfukoni ambazo hazikuwa na wino, alipita mstari wote wa maduka akitangaza kwamba hali ni tete.

Usiku, wakila, mkewe aliweka kijiko chini.

"Niambie wewe. Ni kweli lile jiwe linalia?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angesema: hapana mama watoto, yale ni maji ya mvua, yameelekezwa, ni heri yatoke. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa kichwani mwake kama Injinia alivyoyapanga. Lakini yangetoka yakiwa na mluzi ndani yake. Yangekuwa sifa za Nati, zikitoka mdomoni mwa Mjusi, kwenye meza ya Mjusi.

"Maji yatatoka wapi," alisema, akitafuna, "kama hakuna palipopasuka?"

Mkewe aliitika kwa kichwa, akaendelea kula.

Kesho yake Mjusi alipelekwa upande wa pili wa mlima kutandaza wavu wa chuma juu ya mteremko wa vijiwe. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, wakilala kambini. Alitandaza kwa moyo mwepesi. Kila alipofunga waya alimwona Nati akifungasha spana zake na kuondoka kwa aibu, meno yote ndani. Mvua iliendelea kunyesha, naye aliifurahia kila tone.

Simu ya Injinia ilimkuta akinywa chai.

"Njoo sasa hivi na kamba zako. Kioo kimepasuka."

Alipofika, maduka yalikuwa matupu na barabara imefungwa pande zote mbili. Watu walisimama nyuma ya utepe, kila mmoja na alichookoa: kinyozi na kioo chake, fundi viatu na kiatu kimoja. Mkewe alikuwa amejitwisha kichwa cha cherehani, shingo imenyooka, amewashika watoto mikono. Mjusi aliangalia juu. Mama Mkwe alikuwa palepale, na visahani vyake. Lakini mabomba yalikuwa makavu. Mvua ya siku nzima, na mabomba makavu kabisa.

Mjusi alishusha kamba begani.

"Yameziba," alisema.

"Yamezibwa," alisema Injinia. "Kamati ilipanda na ngazi kumfuta jiwe machozi. Wamepigilia vizibo mpaka ndani. Maji yote yako nyuma yake sasa, yanamsukuma. Nondo zimeshika, lakini sijui zitashika mpaka lini."

"Ngazi si ipo?"

"Ipo. Nani atasimama chini yake?"

Kreni ilikuwa imekwenda kazi nyingine, mbali. Hakukuwa na kikapu. Kulikuwa na kamba, na mtu mmoja tu anayeweza kushuka kwa ubavu wa Mama Mkwe bila kukaa mbele yake. Na kamba ile ingefungwa wapi? Juu, kwenye mwamba mzima, kulikuwa na nondo mbili za Nati. Na nani angelinda kamba? Mjusi aligeuka na kumwona Nati akiwa tayari amevaa glavu.

"Kaka, nitakushika," alisema Nati. Hakupiga mluzi.

"Nati yako ikiachia?"

"Haitaachia."

"Ikiachia nitakuja kukutafuta."

"Njoo na ovaroli yangu basi, iko kwa shemeji."

Mjusi angetaka sana kukasirika, lakini hapakuwa na nafasi. Alishuka. Alipita ubavuni, miguu ikisaka vidato alivyovijua tangu ujana, akiwa na kulabu refu la chuma mkononi. Aligonga jiwe kwa mazoea tu. Halikutoa mlio wa kengele wala wa debe. Lilitoa sauti nzito, iliyovimba, kama tumbo lililoshiba. Alisimama pembeni ya bomba la kwanza, mwili nje ya njia ya maji, akachomeka kulabu, akavuta.

Kizibo kilitoka polepole, kigumu, kimelowa. Alitarajia magunia, au matope, au saruji ya kamati. Kilikuwa kifuko cha kitambaa, kimejazwa vipande vya nguo, kimeshonwa duara kamili kwa kipimo cha bomba, mshono mara mbili, ncha zimekunjwa ndani zisifumuke. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha zambarau chenye maua meupe, kile ambacho mkewe alikiweka kwenye kabati la duka kwa ajili ya gauni lake mwenyewe, na ambacho alikataa kumuuzia mteja yeyote.

Kitambaa bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hakuna anayeshona hivyo kwa sababu ya mwenyekiti mwenye kalamu tatu. Mtu hushona hivyo kwa sababu ameambiwa na anayemwamini.

Mjusi alisahau kukaa pembeni. Alikiinua kile kizibo mbele ya macho yake, na bomba likatapika lote usoni mwake, maji na matope na mchanga, likamrusha nje ya ukuta kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Chini watu walipiga kelele. Juu, Nati alifunga kamba, na ile nondo haikusogea hata unywele. Mjusi alirudi akagonga mwamba kwa bega, akatema mchanga, akaenda bomba la pili. Na la tatu. Vizibo vyote vilikuwa vya zambarau, vyote vimeshonwa kwa upendo. Alipomaliza, Mama Mkwe alikuwa akimwaga maji kama bafu la hoteli, na Injinia, akiangalia mstari wa rangi alioupiga kwenye ufa, aliinua kidole gumba: jiwe limeacha kusogea.

Makofi yalilipuka nyuma ya utepe, mengi kuliko yote aliyowahi kusikia. Mwenyekiti wa kamati alisonga mbele, akapita kando ya Mjusi aliyekuwa amelowa tope mpaka kope, akamshika Nati mikono miwili.

"Nondo zako zimetuokoa, mwanangu!"

Hata katika hali ile, wasomaji, Mjusi aliona wivu. Ulikuwa umechoka, umelowa, lakini ulikuwepo.

Nyumbani mkewe alimpa maji ya moto na taulo. Alingoja mpaka mumewe anawe uso, kwa sababu alitaka kuuona.

"Baba watoto. Yale maji hayakuwa mabaya."

"Hapana."

"Ulijua?"

Mjusi aliikamua taulo ambayo haikuwa na maji. "Nilijua."

Mkewe alikaa kitandani, akakunja mikono. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza.

"Nati alipita dukani wakati nashona. Akaniuliza ni nini, nikamwambia. Akaniambia, shemeji, usifanye hivyo, maji yakitoka ni heri, yakikoma ndipo mkimbie. Akanisihi. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mume wangu amezeekea kwenye mwamba huu, siwezi kumwacha yeye nikamsikiliza mtu anayepanda mlima kwa kikapu kama nyanya. Wateja wakamcheka. Akaenda kumtafuta Injinia, na kabla hajampata sisi tukachukua ngazi."

Mjusi alifungua mdomo.

"Watoto walikuwa wamekaa chini ya meza ya kukatia," alisema mkewe. "Wakichambua vipande vya kujazia."

Mjusi aliikunja taulo, akaikunja tena.

Hakufukuzwa. Hakunyimwa chakula. Mkewe aliendelea kumwita baba watoto na kumshonea ovaroli, na akanunua kitambaa kingine, cha kijivu. Nati hakusema neno kazini, jambo ambalo lilikuwa kero kuliko mluzi. Hakukuwa na lolote ambalo mwanaume angeweza kulilalamikia mbele ya watu.

Ila mvua iliponyesha tena, mkewe alitoka nje na mwavuli, akasimama katikati ya barabara, akatazama juu kwa makini.

"Yanatoka vizuri," alisema Mjusi, aliyekuwa amemfuata haraka bila mwavuli. "Yote. Ona lile la mwisho. Hayo ni maji mazuri kabisa, mama watoto, yangekoma ndiyo..."

"Nimesikia," alisema mkewe kwa upole, na hakuondoka.

Walisimama hivyo wote wawili, yeye mkavu na mumewe akilowa, mpaka Nati alipotokea kwenye kona, amejifunika mfuko wa saruji kichwani.

"Shemeji," aliita mkewe Mjusi, "eti yanatoka vizuri?"

Nati aliangalia juu, akamwangalia Mjusi, akaangalia chini.

"Yanatoka vizuri, shemeji. Kama alivyokuambia."

"Asante," alisema mkewe Mjusi, na ndipo akaingia dukani, akaketi, akaanza kushona.